Nilimficha Mwanangu Ujumbe wa Mlimani

Mie ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkaazi wa Wawi. Wasomaji wenzangu, nisomeni hadi mwisho hata mkiniona mbaya... kwani ubaya nimeufanya kweli!

Mwanangu wa pekee, Raya, alisomea mambo ya nyota chuo kikuu. Akaomba kazi nchi ya mbali, kwenye kituo cha taifa cha kutazamia nyota. Kipo juu ya mlima, na darubini yake, alivyonambia, ni kubwa kuliko nyumba yetu. Kila siku darubini, darubini! Nikimwambia umri unakwenda, anacheka.

Posa ilipokuja alikubali kwa kunionea huruma tu. Akanambia, "Mama, n'taolewa. Lakini wa mlimani wakiniita kabla ya ndoa, nambie, n'ende." Nikamuapia.

Kwetu mwari akishatiwa ndani anasingwa mwili kwa liwa ya kunukia, hatoki, na simu hapewi. Ya Raya nikaishika mie. Zimebaki siku tatu, ujumbe ukaingia... wa Kiingereza. Nikampelekea jirani yangu Bi Time, mwalimu, anisomee. Raya kachukuliwa kazi mlimani! Lakini ajibu ndani ya siku mbili.

"Mpe mwanao, shoga," Bi Time alinisihi. Nikawaza wageni walioalikwa, mchele uliochambuliwa, watu watasema nini? Lahaula! Nikaizima simu.

Siku ya ndoa baba yake aliingia kumuuliza idhini. Raya akaniangalia mie. Nilijua anauliza nini... Nikatikisa kichwa, kuwa hawakuita. Akanyamaza, na mwari akinyamaza kwetu ndiyo kakubali.

Fungate ilipokwisha nikamrudishia simu. Ujumbe akaukuta, umeshafunguliwa! Hakupiga kelele. Alikuja akaniuliza, "Mama, ulijua?"

Nikamkimbilia Bi Time. Bi Time aliwaandikia watu wa mlimani, akawasihi kwa niaba yangu. Wakajibu kwa adabu kuwa nafasi kapewa mwingine. Ndoa nayo haikutimiza mwaka, talaka ikaja.

Sasa Raya karudi kwangu, tunaishi sote. Ananipikia, ananifulia, nikimwita anaitika "Labeka." Nimemuomba radhi hadi sauti imenikauka. "Nishakusamehe, mama," husema, huku akifagia. Vitabu vyake vya nyota kavigawa vyote.

Wazazi wenzangu, nakuombeni! Mtoto akikuamini, mwambie la kweli, kisha umuache achague mwenyewe. Mie natamani Raya anigombeze, japo siku moja... Hanigombezi.