Kifungo Chekundu

Jua lilikuwa linazama pale Mkasi alipotumwa na dada yake akachukue kamba kwenye chumba cha uani. Kamba tu. Kazi ya kwenda na kurudi chai haijapoa.

Jina la Mkasi alipewa na mtaa kwa ajili ya mdomo wake, si kwa ajili ya kushona, ingawa mwenyewe ukimuuliza atakwambia ni fundi cherehani ambaye mwenzake hajazaliwa. Jumamosi dada yake alikuwa anaolewa. Kitambaa cheupe kimeshatandazwa mezani, kinasubiri kukatwa.

"Si nikupime kwa futi tu, dada? Dakika mbili."

"Futi ni ya wateja." Dada akakohoa kidogo. "Mimi utanishonea kwa kamba aliyonipimia mama. Au unaogopa kuingia kule?"

"Niogope nini? Chumba nimekulia humo."

"Basi mbona miezi miwili hujakifungua?"

Mkasi akachukua ufunguo, akatoka uani.

Mama yao hakujua kusoma. Baba alipotoka kwenda kununua sabuni, akawa hajarudi mpaka leo, mama alikaa kwenye cherehani akalea watoto wawili kwa nguvu za mguu wa kulia. Namba hazikumwingia kichwani, kwa hiyo kila mtu wa nyumba ile alikuwa na kamba yake: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la urefu. Kila mwaka aliwasimamisha ukutani, akayafungua mafundo, akayafunga upya. Kamba tatu, misumari mitatu nyuma ya mlango. Ya Mkasi ilikuwa na kifungo cha shati cha bluu mwishoni. Ya dada, chekundu. Ya mama mwenyewe, cheupe, tena ilikuwa na mafundo mawili ya bega, maana bega lake la kushoto lilishuka kwa miaka ya kuinamia mashine.

"Kamba ni mtu," alikuwa akisema. "Usimpime mtu kwa kamba ya mwenzake, hata kwa utani."

"Ingekuwa mtu, ya kwangu ingeshaoa," Mkasi alimjibu siku moja. Mama hakucheka.

Siku kifua kilipomshinda mama, seremala alikuja kupima urefu wa jeneza. Akatoa futi yake. Mkasi akamzuia mbele ya watu wote: mama wa fundi hapimwi kwa futi ya mbao. Akaingia chumbani macho yamejaa machozi, akavuta kamba msumarini bila kuitazama, akamkabidhi. Watu wakamsifu. Seremala aliirudisha imeviringishwa kwenye karatasi, na hivyo hivyo ikawekwa chini ya mikono ya marehemu, aende nayo.

Kabla ya kupiga misumari, seremala alimnong'oneza: "Mama yako kapungua, ndugu yangu. Imebaki nafasi ya kiganja kizima."

Mkasi akamwambia apige tu.

Sasa akafungua mlango.

Harufu ya mafuta ya mashine... Mabichi, kama yametiwa leo.

Akamulika nyuma ya mlango kwa simu. Kifungo cha bluu. Kifungo cheupe.

Msumari wa katikati ulikuwa mtupu.

Akapapasa sakafuni. Akatikisa mapazia. Akajua anachotafuta kipo wapi, lakini mikono ikaendelea kupapasa yenyewe, kama mikono ya mjinga.

Tak.

Nyuma yake.

Tak... tak... tak...

Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka. Polepole, kama linalosukumwa na mguu uliochoka.

"Mwanangu."

Hakugeuka. Yule simba wa mtaa mzima, shingo ilikataa.

"Nyumba mliyonipa ni kubwa," sauti ikasema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ile sauti ya kumwonyesha mshono uliopinda.

"Mama, nilikosea."

"Najua. Kila jioni dada yako anakuja kulala pembeni yangu. Namwamsha, namrudisha."

"Fumua, mama. Nianze upya."

"Nguo ndiyo hufumuliwa. Hii ilishakatwa."

Tak... tak...

"Mguu umechoka, mwanangu."

Gurudumu likasimama.

Mkasi alirudi na kamba ya kifungo cheupe mfukoni na uongo mdomoni. "Panya wameitafuna yako," akamwambia dada. Akampima kwa futi, mara tatu, akaandika kila namba. Asubuhi alimfuata seremala, akamweleza yote kwa sauti ya chini, akamwomba wakafukue kaburi usiku. Seremala alikuwa anapiga randa. Akaweka randa chini.

"Ndugu yangu, kazi yangu ni kufunga. Sijawahi kufungua hata moja." Akaangalia vidole vyake. "Na ukifungua, ukamkuta nani?"

Mkasi hakurudia ombi.

Akashona. Hajawahi kushona vile: mshono umenyooka, mabega sawasawa, kila kitu kwa namba. Ijumaa jua linazama, dada akalivaa gauni, akasimama mbele ya kioo.

Bega la kushoto likaporomoka.

"Haya, fundi ambaye mwenzake hajazaliwa," dada akasema, akicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Hili ni la nani?"

Mkasi akapita nyuma yake. Akatoa kamba ya mama mfukoni, akaishusha mgongoni kwa dada bila kumgusa. Fundo la bega la kulia likakaa. La kushoto, lile lililoshuka, likakaa. Kiuno. Urefu.

Vyote vikakaa.

"Unajua," dada akasema kwenye kioo, "tangu mama afe namwota kila siku. Nikisinzia tu jioni, ananitikisa, 'amka, amka.' Nilikuwa nakereka." Akavuta pumzi kwa shida. "Leo nimesinzia, hakuja."

Mkasi akatega sikio upande wa uani. Akangoja hata tak moja.

Hakuna.

"Mbona umeganda? Piga magoti ufanye kazi, kesho naolewa." Dada akainua pindo lililokuwa limelala sakafuni, akalipima kwa mkono wake. "Lipunguze hapa chini. Kiganja kizima."