Magimbi Nyuma ya Nyumba Yangu Mpya

Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, na ninaishi Tukuyu katika nyumba nisiyoipenda. Ni nyumba mpya. Niliichagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu... na hilo ndilo linalonichosha.

Kwa miaka mingi nimekuwa karani wa kupokea majani mabichi ya chai. Wakulima huleta magunia yaliyoloa mvua, nami hupima na kupunguza uzito wa maji. Nikishika jani tu, najua. Hakuna aliyewahi kunidanganya kwa maji!

Mama yangu aliishi Suma, kwenye shamba la migomba alilopanda yeye na marehemu baba. Miguu ilianza kumsumbua, na hospitali ilikuwa mbali. Mimi ni mtoto wake pekee. Nikamshawishi tuuze shamba, tununue nyumba mjini, tukae pamoja. Baada ya siku mbili akakubali. Jirani yetu, Baba Lusajo, akalinunua, akaahidi kwamba kaburi la baba lililo pale uani halitaguswa.

Nyumba niliikagua mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi, daftari mkononi. Nilijaribu kila kitasa, kila swichi, kila bomba. Marumaru zinang'aa, dari la jipsamu jeupe! Mama hakuangalia dari. Alizunguka nyuma na fimbo yake, akasimama.

"Mwanangu, magimbi haya yana kijani cha Aprili. Nani anayanywesha?"

Muuzaji, ambaye ndiye aliyeijenga, akacheka. "Bibi, hii ni Rungwe! Hata ukiichomeka hiyo fimbo yako itachipua."

Nami nikacheka... Tulimcheka mama. Kwenye daftari sikuandika habari za magimbi.

Mvua za Machi zilipokolea, sakafu ikaanza kutoa jasho. Maji hayakutoka juu... yalitoka chini, kwenye maungio ya marumaru. Rangi ikavimba, milango ikagoma kufunga, godoro la mama likaota ukungu. Muuzaji alikuja mara moja tu, akasema nyumba mpya lazima kwanza ipumue. Baada ya hapo hakupokea tena simu yangu. Ndipo mama mmoja wa nyumba ya pili akaniambia kwamba pale palikuwa na chemchemi, ikafukiwa kwa kifusi. Kwa nini sikumuuliza kabla? Alikuwa pale pale, hatua ishirini!

Mama hakunilaumu hata siku moja. Alikaa jikoni karibu na moto, akikohoa. Aliniuliza swali moja tu: "Nikifa, hapa mtanilaza wapi?" Sisi Wanyakyusa humzika mtu wetu nyumbani kwake. Nikamwambia aache maneno hayo.

Alifariki mwezi wa Mei. Daktari alisema ni mapafu. Hakusema ni unyevu... mimi ndiye ninayesema.

Vijana wa kanisani walichimba nyuma ya nyumba. Kaburi lilipofika kiunoni, maji yakaanza kuingia. Wakayachota kwa ndoo, yakarudi. Mwishowe mkubwa wao akatoka shimoni, tope hadi magotini, akaniambia taratibu, "Dada, hapa hatuwezi kumlaza mama."

Nikaenda Suma kuomba kaburi kwenye ardhi niliyoiuza mwenyewe! Nilipiga magoti mbele ya Baba Lusajo. Akanishika mkono.

"Inuka, dada. Migomba hii kaipanda yeye. Mgeni hapa ni mimi."

Mama amelala kando ya baba. Mimi bado naishi katika nyumba ile, nani atainunua? Nimechimba mfereji kuizunguka, nimebandua marumaru za chumba cha mama. Magimbi nimeyaacha, nayachimba na kuyala. Hata kuichukia nyumba nimechoka.

Wasomaji wenzangu, nawasihi... msikague nyumba wakati wa kiangazi tu mkaridhika. Nendeni mvua inaponyesha, mvue viatu, msimame sakafuni. Waulizeni waliokuwepo kabla ya msingi kuchimbwa. Na mzazi wako akisimama nyuma ya nyumba akautazama mmea, usicheke! Andika.

Mimi nikitaka kumtembelea mama, husimama kwanza nje ya uzio kule Suma. Napiga hodi. Nasubiri nikaribishwe... mahali nilipozaliwa.