Taa ya Dirisha la Carvalhal

Mkate ulikuwa umelala kifudifudi.

Gracinda, mtumishi wa miaka mingi wa nyumba ile, ndiye aliyeuona kwanza, asubuhi ya Krismasi ya mwaka 1990, alipoingia kuondoa vyombo. Usiku wa mkesha, kama ilivyo desturi ya nyumba zote za milima ile, meza iliachwa na kila kitu juu yake: samaki wa chumvi, kabichi, divai, ili marehemu wa ukoo wakija wasikose chakula. Hakuna sahani iliyoguswa. Ni mkate tu, ule uliowekwa mbele ya kiti cha marehemu Wakili Abílio, uliokuwa umegeuzwa.

"Binti," aliita. "Njoo uone. Lakini usiguse."

Binti mwenyewe alikuwa na miaka hamsini. Leocádia, binti wa wakili huyo, hakuolewa. Alibaki kutunza nyumba ya Carvalhal na kumbukumbu zake, na watu walitoka mbali kuja kuiona. Katika chumba cha juu, mshairi Teodósio Lamas alifichwa na Wakili Abílio kwa siku arobaini mwaka 1949, akiwindwa na polisi wa siri, na humo akaandika mashairi yake ya mwisho. Alikamatwa mkesha wa Krismasi, akafia gerezani. Sasa, Sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, jiwe lenye jina la wakili lingezinduliwa ukutani. Leocádia mwenyewe alichagua maneno ya kuchongwa: *Hapa urafiki haukuogopa.*

"Ni paka," alisema. Akaugeuza mkate, akaubusu, kama alivyofundishwa utotoni, ili kuondoa mkosi.

"Paka amekufa tangu Oktoba, binti."

Mchana zikaanza hatua. Zilitoka chumba cha juu: sita, kimya, sita tena. Chumba kile kilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili, Leocádia alikuwa amekipima.

"Huyo anayetembea," Gracinda alinong'ona, "amezoea chumba kidogo kuliko hicho."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Yeye je?"

Siku ya pili mkate uligeuka tena, na siku ya tatu ukageuka mikononi mwa Leocádia mwenyewe, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, na papo hapo ukumbi ukajaa harufu ya chokaa mbichi na sufu iliyolowa, harufu ya koti la mtu aliyelala muda mrefu mahali pasipo na jua, ikashuka ngazi mbele ya hatua, ikapita mezani kiti baada ya kiti, ikasimama nyuma ya kiti cha wakili, na pale ikakaa mpaka taa za barabarani zilipowaka.

Siku ya nne wakamwita Perpétua, mama mganga wa bonde lile. Alikuja na bakuli, chupa ya mafuta ya zeituni na fungu la majani makavu ya kufukiza.

"Umechelewa," Gracinda alimwambia mlangoni.

"Nimekuja kwa miguu. Ingekuwa kwa ulimi, kama wewe, ningefika jana."

Alitia maji kwenye bakuli, akadondosha mafuta. Tone halikuelea. Lilizama kama jiwe. Perpétua alizunguka ukumbi, akasimama penye dirisha kubwa.

"Na taa hii?"

"Ni ya mkesha," Leocádia alijibu. "Ili roho zione njia. Baba alinifundisha. Huwa naiwasha mimi."

"Bi Leocádia, nimeingia nyumba zote za bonde hili. Roho za nyumbani haziwekewi taa. Njia zinaijua." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Tena dirisha hili linatazama barabara. Makaburi yako nyuma. Alikufundisha lini?"

Leocádia alizoea kujibu maswali ya tarehe haraka. Safari hii tarehe ilifika kabla ya sauti. Mwaka 1949. Kabla ya mwaka huo hakukuwa na taa. Alikumbuka baba akimnyanyua hadi kwenye kizingiti cha dirisha, akimwambia awashe. Alimkumbuka Teodósio mezani, mdomo umejaa, akimsifu: "Tazama, mtoto ametundika nyota!" Kabla vyombo havijaondolewa, viatu vya askari vikalia uani. Mama alipiga kelele. Baba hakushtuka.

Akamgeukia Gracinda. "Ulijua?"

Gracinda alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Kijiji kizima kilijua. Mdogo wake baba yako alikuwa kifungoni. Januari akarudi. Hakuna aliyerudishwa bure siku zile."

"Miaka arobaini na moja! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri, binti."

Perpétua alimwaga maji nje ya mlango. "Kila mwaka unamwashia mshairi taa ya kuwaita askari," alisema. "Atapumzikaje? Mimi siwezi kumtoa. Anayemshika ni uongo wa nyumba hii, na mwenye kuusimulia ni wewe. Useme kweli mbele za watu, au uzikwe na uongo huo."

Tarehe sita Januari ua ulijaa. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa. Leocádia alisimama mbele yake na karatasi ya hotuba aliyoiandika Novemba, na juu ya vichwa vya watu hatua zikaanza, sita, kimya, sita, mpaka wazee wakavua kofia bila kuambiwa. Akaikunja karatasi.

"Baba yangu hakumficha Teodósio Lamas," alisema. "Alimweka akiba. Kisha akamtoa kwa polisi, ili arudishiwe ndugu yake. Aliyewasha taa ya kuwaita ni mimi. Kitambaa hiki kisifunuliwe."

Hatua zilikoma. Kisha zikashuka ngazi, zikatoka mlangoni, zikapita katikati ya watu. Kila mmoja alisikia ubaridi wa sufu iliyolowa ukimgusa begani. Lango lilijifungua, likajifunga taratibu, kama linavyofungwa na mgeni mwenye adabu.

Hakuna aliyegusa keki ya sikukuu iliyokuwa imeandaliwa uani. Waliondoka wakiangalia chini, si kwa mshangao, bali kama watu walioombwa radhi wasiyoitaka. Gracinda naye alichukua shali yake.

Leocádia akabaki peke yake ukumbini. Jua la alasiri lilikuwa bado mezani. Alilia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba mwaka 1971, na akahisi nyumba imekuwa nyepesi.

Ndipo mlango wa ofisi ya wakili, ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Leocádia, ukafunguka kwa ndani.

"Leocádia," ikasema sauti ya upole, ile ambayo baba aliitumia kwa wageni. "Huyo aliyetoka hakuwa wa hapa. Mimi ni wa hapa. Kaa chini, mwanangu, unieleze umewaambia nini."

Naye akakaa.