Tani Tano Chini ya Kabeji

Kabeji hazitoki mjini asubuhi.

Wanjira alijua hilo tangu utotoni. Mama yake alizikata shambani Dagoretti na kuzifikisha mjini kabla jua halijachomoza. Sasa, saa mbili asubuhi, lori la Bedford lililosheheni kabeji lilipita Adams Arcade likitoka mjini kuelekea Riruta. Mzungu aliyepanga safari hiyo hakuwahi kununua hata kabeji moja maishani mwake.

Wanjira alikanyaga mafuta. Peugeot 504 yake ikanguruma.

Redio chini ya dashibodi ikakwaruza. Alikuwa Gichuru, mkuu wake katika ujasusi. "Ripoti."

"Nimewapata. Kobalti iko chini ya kabeji."

"Usiguse. Fuata mpaka kwa mnunuzi, hata kama ni wiki."

"Na Zedekiah?"



"Huyo ni karani tu, Wanjira."

Hasira zikampanda. Tangu vita vizuke mwezi huo, Mei 1978, katika migodi ya Shaba inakochimbwa kobalti, bei ya madini hayo ilikuwa ikipaa. Viwanda vya injini za ndege, visivyoweza kufanya kazi bila hayo, vililia njaa. Brandt, yule Mzungu dalali wa Kitisuru, aliiba tani tano zilizokuwa zikipitia uwanja wa ndege wa Embakasi azifiche, bei izidi kupaa. Zedekiah, karani wa mizani huko uwanjani, ndiye aliyemtonya Wanjira. Jana jioni watu wa Brandt wakamteka. Wiki? Hangeishi hata siku mbili.

Karani tu! Mtu aliyeweka roho yake rehani!

Karibu na soko la Riruta lori likapunguza mwendo. Wanjira akalipita, akalizibia njia, akaruka nje.

"Akina mama! Kabeji za bure! Serikali inagawa!"

"Za bure? Wacha mchezo!"

"Panda ujionee!"

Wakapanda. Wambua, dereva wa lori, akainamia chini ya kiti kutafuta bunduki. Akainuka na kukuta bastola ya Wanjira, Walther PPK, sikioni.

"Mikono kwa steering. Zedekiah ako wapi?"

"Madam, mimi ni dereva tu..."

"Leo kila mtu ni tu! Ako wapi?"

"Huko nyuma."

Kabeji zilikuwa zikiruka. Chini yake mapipa ya chuma. Mama mmoja akapiga ukemi. "Kuna mtu huku! Anapumua!"

Mercedes nyeusi ikafunga breki nyuma yao. Brandt akatoka, bastola mkononi. "Toka hapo, binti. Dunia nzima inangoja madini hayo."

"Ingoje."

Wanjira akageuka na kufyatua risasi moja. Bastola ya Brandt ikaangukia matopeni, na kidole chake pia.

Askari wa Riruta walipofika na pingu, akina mama walikuwa wameketi juu ya mapipa, hakuna wa kuwaondoa. Zedekiah aliegemea gurudumu, midomo imekauka, akilia bila haya.

Redio ikakwaruza.

"Madini yako salama?"

"Zedekiah ako hai."

"Nimeuliza madini."

"Nimesikia."

Akaizima. Akatia bastola mkobani, akamshika Zedekiah mkono, wakaenda taratibu kutafuta chai.