Mto wa Sufi wa Rachel

Kila akitoka shule, Hajira alivua sare, akala alichowekewa chini ya kawa, kisha akatoka barazani kumsaidia shangazi yake. Shangazi Tatu alikuwa fundi wa mito na magodoro ya sufi. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa nyuma, karibu na Msimbazi, na watu waendao sokoni Kariakoo walimkanyagia mkeka wake mchana kutwa. Hakugomba. Aliwaambia tu, "Pita, baba, pita."

Kazi ya Hajira ilikuwa kuchambua. Mto mkuukuu hufumuliwa, sufi ikaanikwa juani, ikachambuliwa kwa vidole bonge baada ya bonge. Iliyooza hutupwa, na mfuko wake hufuliwa kwa maji ya moto ndipo ushonwe upya. Hajira aliichukia kazi hiyo. Mito ya watu ilinuka jasho, mate na mafuta ya nywele, na harufu ilimfuata mpaka kwenye sahani ya wali.

Wiki ile Mwalimu Clotilda aliwataka wanafunzi wachague neno la Kiingereza linalohusu kazi ya nyumbani kwao, kisha walieleze darasani. Hajira akachagua *mend*. Hakuwa na kamusi. Rachel, mwenzake wa dawati moja, akampa ya kwake aende nayo nyumbani, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amemaliza zoezi.

Jioni ile mama yake Rachel, muuza vitunguu saumu sokoni, alileta mto. Paa lao lilikuwa limevuja, mto ukalowa, na Rachel ana pumu. Alimwomba Shangazi Tatu autengeneze vizuri, akaacha na chane ya ndizi kwa ajili ya Hajira.

Kesho yake Shangazi akaenda kununua uzi, akamwachia Hajira mto ule. Hajira akafumua kidogo pembeni, akachungulia. Harufu ilimpanda puani kama maziwa yaliyoganda juani. Sufi ilikuwa imeshikana, nyeusi, ina utelezi kama kamasi, na ndani yake kunguni walitambaa. Mmoja akampanda kidole. Hajira akakung'uta mkono, akakimbilia mtaroni kutema mate.

Akakaa kitako kuwaza. Kisha akashona ule mshono haraka, akamwagia mto poda ya mtoto, akauvisha kitambaa kipya cha maua. Shangazi aliporudi aliukuta ukimeta. Hakuwa na sababu ya kumshuku, akamsifu, na mto ukapelekwa kwa wenyewe.

Siku ya kueleza maneno, nafasi ya Rachel kwenye dawati ilikuwa tupu. Hajira alisimama akaeleza kwamba *mend* ni kutengeneza kilichoharibika: nguo iliyochanika, kiatu, hata mfupa uliovunjika ukiunga, na hata tabia mtu akijirekebisha. Darasa likampigia makofi. Mwalimu Clotilda akaongezea kwamba neno hilo ni kifupi cha *amend*, na asili yake ni Kilatini, lugha ya kale, ambako maana yake ilikuwa kuondoa dosari.

"Kuondoa," akasisitiza. "Kwanza itoke."

Kisha akawaambia kwamba Rachel amebanwa na pumu usiku na amepelekwa hospitali. Hajira akakaa. Alijitazama vidole vyake, akajisikia kichefuchefu kuliko siku ile ya kunguni. Sasa kilichomtia kinyaa kilikuwa yeye mwenyewe.

Hakuingia ndani kula. Alikwenda moja kwa moja barazani, akamwambia Shangazi yote. Shangazi akaweka sindano chini, akajifunga khanga, akamshika mkono wakaenda.

Walimkuta mama Rachel ndiyo kwanza amerudi na binti yake. Rachel alikuwa amekaa kitini, amechoka, lakini anahema vizuri. Hajira akamwamkia mama, kisha akasema kwamba mto hakuutengeneza, aliufunika tu. Mama Rachel akauchana kwa kisu cha jikoni. Uvundo ukajaa chumba, naye akageuza uso.

"Mwanangu amelalia hiki?" akauliza polepole. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama. Nisamehe."

Rachel akamtazama. "Ungeniambia tu. Ningelalia khanga."

Shangazi Tatu aliomba radhi, akatoa mto ule nje ukachomwe, akaahidi kushona mwingine wa sufi mpya. Hajira akaomba yeye ndiye aichambue. Waliporudi barazani, Shangazi alimfunga kitambaa puani kwa mikono yake, taratibu, asije akambana.

"Kusikia kinyaa si kosa," akamwambia. "Mimi nimezeeka na kazi hii na bado tumbo hunipanda. Ungeniita tukaushika pamoja, au ukasema huuwezi, nisingekukaripia. Lakini uchafu ukiufunika haupungui. Wewe ulishindwa kuushika kwa vidole, ukamfungia mwenzako aulalie kwa shavu. Kazi ya watu, mwanangu, ifanye kama vile wewe ndiye utakayeweka kichwa hapo."

Hajira akaitikia kwa kichwa, akavuta bonge la kwanza la sufi, akaanza kulichambua.