Mpira Juu ya Goti la Kabula

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kija alifagia uwanja wao pale Shanwe, kisha akampelekea dada yake Kabula uji na kidonge. Akipita karibu na kigoda cha marehemu kaka yao, Ngusa, aliharakisha. Saratani ilimwanzia Ngusa kwenye mfupa wa mguu, ikahamia mapafuni, ikamuua. Mpaka leo Kija alisikia kikohozi chake pale kwenye kigoda.

Sasa ugonjwa uleule ulikuwa gotini mwa Kabula. Dokta Melkior aliwaeleza kuhusu vile vidonge: "Uvimbe unajichimbia mishipa ya damu, kama mkulima anayechimba mifereji kuvuta maji kwenye jaruba la mpunga. Dawa hii inaizuia mishipa hiyo isiote. Uvimbe ukikosa damu, unadhoofika, na kusambaa kwake kunakuwa kugumu."

Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, Kabula alikohoa. Kija akadhani ugonjwa unapanda mapafuni, kama kwa Ngusa. Kwao wafugaji, mtu akigongwa na nyoka machungani hufungwa kamba juu ya jeraha ili sumu isipande. Kija akachukua mpira wa baiskeli.

"Nesi kasema tufunge hapa juu ya goti, dada, ugonjwa usipande kifuani."

Kabula alimwamini. Aliuma meno, Kija akakaza.

Haukupita muda, vidole vya mguu vikapoa na kupauka.

"Kija, siusikii mguu wangu. Kweli nesi kasema?"

Kija alikitazama kile kigoda.

"Hapana, dada. Nimekudanganya."

Aliufungua mpira huku analia, akakimbilia barabarani kuita bajaji.

Hospitalini Kija alieleza yote, naye Dokta Melkior aliupima mguu mpaka akaridhika kwamba damu imerudi. Akaagiza na picha ya kifua.

"Kifua hakijaingiliwa, ni mafua tu," alisema, kisha akamgeukia Kija. "Dawa inalenga mishipa inayolisha uvimbe. Mpira unanyima damu mguu mzima, hata kwa nyoka haufai. Uliogopa, sikulaumu. Lakini mgonjwa akiambiwa 'nesi kasema', anatii hata akiumia. Usiseme tena uongo wa namna hiyo. Nyie mkiogopa, njooni mniulize. Ukweli wako ndio umeuokoa mguu huu."

"Atapona, dokta?"

"Siwezi kukuahidi, mwanangu. Tunapambana."

Kesho yake Kija alikisogeza kigoda cha Ngusa kitandani kwa dada yake, akakikalia kwa mara ya kwanza. Kabula akakohoa.

"Dada, naogopa," Kija alisema.

"Hata mimi," Kabula akajibu, akapokea kidonge chake.