Chai Kwenye Chupa ya Dawa

"Chai yangu inafanya nini kwenye chupa ya dawa ya kikohozi?"

"Weka chini hiyo chupa, wifi."

"Siiweki! Nimeikuta nyuma ya unga, imeviringishwa kwenye mfuko, kama—"

"Nimesema weka chini, hiyo ni—"

"—kama mtu kaficha bangi! Ni nini, eh? Sema ni nini!"

"Ushahidi!"

Kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, kijiko kimeganda kati ya bakuli na mdomo. Nyumba yangu na yao zinachangia ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba: mtu akipiga chafya kule, huku tunamwambia pole.

Sasa jamani, majirani zangu, msikimbilie kuwacheka. Nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya amani. Mwenye nyumba ni fundi wa fremu za picha, mtaani tunamwita Bwana Fremu. Mkewe anaoka keki za oda, huyo ni Mama Keki. Wa tatu ni dada mtu, dada yake Bwana Fremu, aliyekuja kukaa nao baada ya kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi kufungwa. Yeye hatukumtungia jina. Tulimwita Wifi, kwa sababu ndivyo Mama Keki alivyokuwa akimwita mchana kutwa: wifi njoo uonje, wifi nishikie hapa, wifi hebu sikia umbea huu.

Oda zilipoongezeka, Bwana Fremu akamnunulia mkewe oveni ya gesi, ile ya kujengewa ukutani, yenye mlango wa kioo. Tulikwenda kuiangalia kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Na fundi akipenda kitu, lazima akizungushie mbao. Akaichongea oveni fremu nene, ya rangi ya dhahabu, akaibana ukutani pande zote nne, ikafunika hata ule mwanya wa juu uliokuwa ukitoa joto.

"Ulikuwa unaharibu sura," akasema, huku anarudi nyuma kuitazama kazi yake. "Sasa imekuwa picha."

Tukapiga makofi. Sote. Hakuna aliyeuliza mwanya ule ulikuwa wa nini.

Mama Keki naye ni msafi wa kupitiliza. Tone la siagi likidondoka ndani ya oveni, hana raha. Akaenda akanunua karatasi ya foili, akaitandika ndani ya oveni, chini kabisa, kona hadi kona, kama anamtandikia mgeni kitanda.

Haikupita muda, kichwa kikaanza kumuuma. Si asubuhi. Mchana, oveni ikishawaka tangu asubuhi, Wifi huingia na kikombe cha chai, Mama Keki hunywa, na baada ya hapo kichwa kinagonga, miguu inalegea, tumbo linachafuka. Akienda sokoni, anapona. Akirudi, anaumwa. Siku moja Wifi alikwenda kumtembelea rafiki yake, akashinda huko. Siku hiyo Mama Keki alikuwa mzima, anaimba. Hakuwa na oda siku hiyo, oveni ililala baridi, lakini nani alikuwa anahesabu oveni? Alihesabu chai.

Nanyi mngemshuku, msijifanye malaika.

Basi shuku ikaingia, na shuku ni mgeni asiyebisha hodi. Mama Keki akaanza kumwaga chai kwenye sinki Wifi akigeuka. Akaweka kidogo kwenye chupa ya dawa, apeleke ikapimwe. Wifi naye akaona sinki lina rangi ya chai, akanuna: huyu ananifanyia maigizo ya ugonjwa ili nifukuzwe. Bwana Fremu akawa kila akipewa sahani anainusa kwanza, halafu anajidai ana mafua. Ilikuwa nyumba ya watu watatu na polisi watatu.

Kelele zile za chupa ziliponifikia, nikaingia kuamua ugomvi. Nikawakuta wamesimama pande mbili za meza, chupa katikati.

"Leteni mimi nionje," nikasema, nikaichukua chupa. "Nikifa, mnajua ni chai. Nisipokufa, mnanipa keki."

Nilidhani watacheka. Mama Keki aliinyakua ile chupa mkononi mwangu kwa nguvu mpaka kucha zikanikwangua. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikatambua kwamba huyu mtu anaamini kabisa kwamba anauawa nyumbani kwake.

"Jirani," akaniambia kwa sauti ya chini, "kikulacho ki nguoni mwako."

Wifi alisikia. Alifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Jioni hiyo Bwana Fremu akamwita dada yake uani. Alikuwa anakwangua gundi kwenye vidole ili asimtazame usoni.

"Dada, Jumamosi nitakutafutia chumba."

"Unanifukuza?"

"Nakutafutia chumba."

"Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Leo unaamini nimemtilia sumu mkeo?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ndiyo maana inauma."

Akaingia ndani akatoa begi lake juu ya kabati.

Sasa sikilizeni Ijumaa. Mama Keki alikuwa na oda kubwa, keki za mahafali, oveni iwake mchana kutwa. Na kwa kuwa alihisi Wifi anaweza kumfanyia jambo la mwisho kabla ya kuondoka, akafunga madirisha ya jikoni yote. Akafunga mlango kwa ufunguo. Chini ya mlango akasukumia taulo, maana alikuwa amesikia kwamba kuna watu hupuliza unga wa dawa kwenye uwazi. Akatia maji yake mwenyewe kwenye jagi lake mwenyewe. Chai ya mtu haikugusa mdomo wake siku hiyo hata tone.

Wifi alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alishangaa mlango kufungwa. Akajiambia, huyu anafanya nini humo? Ananiwekea kitu kwenye begi? Anaandaa nini? Shuku ikamnyanyua, ikamtembeza kwa vidole vya miguu mpaka mlangoni, ikamwinamisha kwenye tundu la ufunguo.

Akaona mguu. Kandambili imetoka. Mguu umelala sakafuni.

"Jiraniiii!" Ukuta wangu ukapigwa ngumi. "Jirani, njoo!"

Nilikwenda nikidhani wameshikana nywele. Nikamkuta Wifi anaupiga mlango bega, mwanamke mwembamba kama ufito, anarudi nyuma anaupiga tena. Tuliupiga pamoja ukaachia. Joto likatupiga usoni, jiko zima limejaa harufu tamu ya vanila. Harufu ya gesi? Hakuna. Moshi? Hakuna. Mama Keki amelala kando ya picha yake ya dhahabu.

Wifi alimkamata chini ya makwapa, akaanza kumburuta. Mimi nilikamata miguu. Tulipopita kando ya oveni, Wifi akanyoosha mkono akaizima. Tulimtoa mpaka uani, kwenye upepo, na watu wakaanza kujaa. Na wa kwanza kufungua kinywa aliuliza nini?

"Umempa nini, Wifi?"

Alikuwa amempakata mwenzake kichwa mapajani, anampepea kwa kanga, na sote tunamtazama yeye kama mwizi.

Hospitalini, Bwana Fremu alifika anahema, vumbi la mbao kwenye nyusi, chupa mkononi. Akampa daktari.

"Hii ndiyo aliyokunywa. Ipimeni."

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, aliichukua akaiweka dirishani bila hata kuifungua. Mama Keki alikuwa amevishwa oksijeni.

"Alikuwa wapi alipoanguka?"

"Jikoni."

"Anapikia nini?"

"Oveni ya gesi. Lakini daktari, chai—"

"Moto wake una rangi gani?"

Bwana Fremu akamtazama mkewe. Aliyejibu ni Wifi, kutoka kwenye kona. "Njano. Zamani ulikuwa wa bluu. Siku hizi ni wa njano, na masufuria yanapata masizi."

"Madirisha?"

"Yalifungwa."

Daktari akamgeukia. "Na wewe? Kichwa kinakuuma?"

Wifi akasema polepole, "Kila mchana nikiingia kumpelekea chai. Nikitoka kinapoa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani, daktari? Wangesema naiga ugonjwa ili nisishukiwe."

Bwana Fremu akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa kamba. Hata yeye, siku za mapumziko akishinda nyumbani, kichwa kilikuwa kinamgonga. Alikuwa anasingizia vanishi.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, fundi wa gesi alikuja. Akang'oa fremu: nyuma yake ukuta mweusi tii kwa masizi. Akafunua foili: chini yake matundu yote ya kuingizia hewa, yamezibwa. Moto ulikuwa umekosa pumzi. Ukikosa pumzi, unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mahali pa kutokea hiyo hewa palikuwa pamefunikwa kwa dhahabu, kwa hiyo ikamiminika jikoni.

"Nani kaziba hapa?" fundi akauliza.

Bwana Fremu aliichukua fremu akaiegemeza uani, akaingia ndani kutafuta shoka.

FUNZO

Wapendwa, wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakujua kuna siku kitakuwa ukutani. Oveni ya gesi ni kama mtu: usimzibe pua. Usitandike foili ndani yake, futa tu ikishapoa. Usizibe mwanya wowote, hata kama unaharibu sura. Ukiwasha, fungua dirisha. Moto ukigeuka njano au masizi yakianza, zima, ita fundi, na hata usipoona kitu, mwite aikague kila mwaka. Ukihisi harufu ya gesi, usiguse swichi wala kiberiti. Funga gesi, fungua madirisha, toka. Kiungo cha mpira wa gesi kipake maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, kinavuja. Na watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wakiwa ndani wakapona wakiwa nje, tokeni wote kwanza, maswali baadaye.

La pili ni hili. Wifi alikuwa na jibu tangu mwanzo: moto wa njano, kichwa, masizi. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu tulikuwa tunamchunguza. Mtu unayemchunguza humuulizi, na asipoulizwa hasemi, na sumu inaendelea na kazi yake.

Jumamosi hiyo hiyo, safari ya Wifi ikabaki kama ilivyopangwa. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia Wifi abaki, na yeye hakuwa mtu wa kuomba. Begi lilikuwa begani, bodaboda inanguruma nje. Bwana Fremu amesimama uani na shoka, hajapiga hata pigo moja. Mama Keki akatoka, bado amechoka, anashika ukuta. Mkononi ana ile chupa. Ameitoa dirishani kwa daktari. Sote tukajua anakuja kuomba radhi, tukajipanga tusikilize.

Hakumtazama Wifi. Alimwambia mumewe:

"Usiipasue hiyo fremu. Ipunguze, ikatie kioo, chupa hii uniwekee humo. Uitundike sebuleni, pale wageni wanapokaa."

"Chupa?" Bwana Fremu akasema. "Ya chai?"

"Niione kila siku." Kisha akageuka. "Na wewe wifi, weka begi chini. Mimi kichwa bado kinazunguka. Naomba usimame pale mlangoni uniambie kama imekaa upande."